Hana Hata Mkwaruzo

Fundi viatu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha hospitali, akisubiri kuvalishwa viatu aende nyumbani. Gari alilopanda lilivaana na lori, likabonyea kama kopo, naye akatoka hana hata mkwaruzo.

"Huyu ana roho ya paka!" shemeji yake alisema, akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaenda kutafuta teksi.

Binti yake alipiga magoti kumfunga baba kamba za viatu. Daktari aliyemruhusu alikuwa ameonya kwamba si lazima kichwa kigonge kitu: gari likisimama ghafla, ubongo huendelea na safari mpaka ukutane na fuvu. Binti alimwitikia kwa heshima, kama mtu anayeambiwa habari za mvua jua likiwaka.

"Shikamoo, mama," alisema baba.

Binti alicheka. Baba alikuwa mtu wa utani, na "mama" ndivyo alivyomwita tangu utotoni. "Acha vituko vyako, baba. Lete mguu."

Baba hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, mikono yake yenye madoa ya gundi imetulia mapajani, akingoja kama mtoto aliyefunzwa adabu anavyomngoja mkubwa amjibu.

"Shikamoo," alirudia kwa sauti ndogo.

Binti aliita muuguzi. Akaita tena. Hakuna aliyekuja. Kamba ilimponyoka vidoleni, na machozi yalishaanza kumlengalenga baba.

"Marahaba," binti akaitikia.

Baba akashusha pumzi, akamnyooshea mguu wa pili.