Askari wa Kulala Nyumbani

"Vita navijua kuliko majenerali," Bi Mwanaharusi alipenda kujisifu. "Vyote nimevipigana nikiwa uvunguni mwa kitanda."

Enzi za mumewe, askari akirudi alioshwa mikono kwa maji ya majivu mlangoni, kwani aliyeua hali sinia moja na mtoto kabla ya kuoshwa. Mwanawe Shamte naye alikuwa askari, ila aliwapiga watu wa ng'ambo ya milima akiwa kitini humu humu mjini, akiongoza ndege isiyo na rubani. Asubuhi alikwenda vitani, jioni alirudi kula.

"Leo mmeua, baba?" mama yake alimwuliza.

"Hapana, mama. Sisi tunatazama tu kwenye kioo."

"Hata shati halijakunjamana. Haya, kama mnatazama tu, kaa ule na mwanao."

Binti yake mdogo akamsogezea mnofu wa samaki. Shamte akanyoosha mkono, ukafika juu ya wali, ukasita.

"Nimeshiba," alisema.

Tumbo lake likanguruma, wote wakalisikia, na mkono ukabaki umening'inia ndani ya mvuke.