Ondoa Nembo

Siku hizi picha ya familia isiyopitishwa kwenye mpangilio wa serikali wa kusafisha picha hufutika yenyewe. Mimi nilikuwa nazo mia nne, na mwisho wa kuzipitisha ulikuwa Ijumaa.

Mwalimu Somoe, anayetufundisha wazee kompyuta katika ofisi ya kata, alinikuzia maandishi kabla sijaomba. Nilichagua picha ghafi zote kwa mkupuo, nikabonyeza. Zilipotoka, mama yangu alikuwa na paji la uso laini kama yai. Chale zake za Kimakonde, ambazo sisi tunaziita nembo, hazikuwepo.

"Bibi, umeacha tiki kwenye 'Ondoa nembo'," alisema Somoe. "Wao walimaanisha nembo za kampuni."

"Basi mama yangu alikuwa kampuni."

Alicheka, akavuta kiti karibu. Picha ghafi zilikuwepo bado, kwa hiyo nikajifunza kutengeneza mpangilio wangu mwenyewe: mwanga ule ule, ukubwa ule ule, ila tiki hiyo nimeitoa. Nilikosea mara sita. Somoe aliacha chakula chake kikapoa. Mara ya saba mama alitoka na paji lake.

Ndipo kompyuta ikaandika: "Nembo imetambuliwa. Mwenye nembo afike mwenyewe kuithibitisha."

"Bibi, si alishafariki?"

"Mwaka wa thelathini huu."

"Sasa atakwenda nani?"

Nilitoa wanja na kioo kidogo kwenye pochi.

"Nishikie kioo, mwanangu," nikasema, macho yangu kwenye picha ya mama. "Tuanze na mstari wa juu wa chale."