Stika ya Kijani

Stika ya kijani ilikuwa imerudi kwenye kikombe chenye ufa.

Bibi alivaa miwani akakitazama vizuri. Jana aliibandua kwa ukucha wake mwenyewe, akaihamishia kwenye bakuli la kioo, lile la sikukuu, lisilotoka kabatini ila mara mbili kwa mwaka. Leo bakuli halina alama, na kikombe kimerudishiwa yake.

"Kuna kitu hapa," aliliambia kabati.

Nyumba ilikuwa imeshauzwa na ufunguo ulitakiwa Jumamosi. Vyombo vya miaka arobaini vilitakiwa kugawanywa kwa wiki moja. Wazo la stika lilikuwa la binti yake mkubwa, mwalimu mkuu, mtu wa kupanga hata vijiko foleni. Yeye alichukua njano, mdogo wake wa kiume bluu, na kijani kikaenda kwa mke wa kitindamimba, ambaye mumewe alikuwa kazini mbali. Ukitaka kitu, unakibandika.

Jambo moja tu halikupangwa: Bibi mwenyewe angelala wapi Jumamosi hiyo. Kila alipouliza, binti mkubwa alikumbuka kwamba kwake ni ghorofa ya nne na zile ngazi hazina huruma. Mwana wa kiume alisema, "Hilo tutakaa tulizungumze, mama." Kukaa alikaa. Kuzungumza ndiko hakukufika.

Njano ilikuwa kwenye cherehani, saa ya ukutani na kioo kirefu. Bluu ilitapakaa kwenye sahani za maua na masanduku ya taa za sikukuu. Hao Bibi aliwaelewa. Uroho wao aliuzaa mwenyewe.

Aliyemnyima raha ni mkwe. Alimwita Kimya, maana mwanamke huyo hutoa maneno kama mtu anayechota maji ya mwisho mtungini. Na kijani chake alikiweka wapi? Kwenye kikombe chenye ufa. Kwenye redio ndogo iliyofungwa kwa mpira isifumuke. Kwenye kigoda cha kuwekea miguu, kilichochakaa hadi hakijulikani kilikuwa cha rangi gani, na kwenye mto uliobonyea katikati kwa umbo la kichwa cha Bibi.

Nani mwenye akili zake anaacha kioo anachukua ufa?

"Mkwe, hiyo redio husema siku inayojisikia," Bibi alimchokoza. "Ya nini?"

"Nimeipenda tu, mama."

"Na kigoda?"

"Kitakaa vizuri pale dirishani."

"Dirisha gani?"

Kimya alitabasamu, akaenda kumwaga takataka.

Ndipo Bibi alipokumbuka kwamba marehemu mzee alikuwa na tabia ya kufichaficha. Hati ya nyumba hii hii ilipatikana ndani ya kopo la majani ya chai. Bila shaka kabla ya kufa alimnong'oneza kitindamimba alikoficha mali, na kitindamimba kamnong'oneza mkewe. Watoto wa mwisho hawana siri.

Alifunga mlango, akachukua mkasi. Kigoda alikipasua: sifongo. Mto: pamba, na kibanio cha nywele alichokitafuta tangu mwaka juzi. Redio aliifungua akamkuta mende mmoja, marehemu naye. Kikombe akakiinua kwenye mwanga na kuona madoa ya chai yake mwenyewe. Akavishona vilivyoshoneka huku akisonya.

Siku ya pili alisinzia, au alijifanya amesinzia, akamwona Kimya anapima kitanda chake kwa utepe, urefu na upana, na kuandika kwenye kiganja. Bibi hakupumua. Kwa umri wake, anayekupima urefu huwa seremala, tena seremala wa kazi moja tu.

Jumamosi magari matatu yalikuja. Bibi alikuwa ameficha kile kikombe kwapani, chini ya shali. Kama kina mali, basi hakitoki bila yeye. Kimya akamjia kwa nyuma.

"Shali imekukaa vibaya, mama."

Akaipapasa polepole, kutoka bega hadi bega. Bibi akakaza mkono. Sasa ananikagua, alisema moyoni, kama askari wa mlangoni.

"Imekaa?"

"Sasa imekaa," Kimya akasema, akatoka.

Mkubwa wa wapagazi alisimama sebuleni akawatangazia wenzake: "Njano gari la kwanza, bluu la pili, kijani la tatu. Kisicho na stika kinabaki."

Bibi alitazama viganja vyake, kisha akavikunja.

Gari la kwanza lilijaa. Binti mkubwa akambusu shavuni. "Tutapigiana simu, mama," akakimbilia kuona cherehani isikwaruzwe. La pili likajaa. Mwana wa kiume alipiga honi mara mbili, kwa upole. Kwenye la tatu vilipanda kitanda, nacho kilishabandikwa kijani, mto, kigoda na redio, na nafasi bado ilikuwa tele.

Sebule ikabaki na msumari wa saa ukutani. Bibi aliinua ufunguo.

"Haya, nendeni," alimwambia mkubwa wa wapagazi. "Mimi nabaki, namsubiri mwenye nyumba." Akamgeuzia mgongo ili asimwone uso.

"Hapana, bibi. Wewe ni wa gari la tatu."

"Nani kakuambia?"

"Sisi hatuambiwi. Tunasoma rangi."

Bibi alipeleka mkono nyuma ya bega. Vidole vyake vikagusa karatasi.