Mtoto wa Jirani Haibi

"Alichukua mkufu wangu," Bi Mwatatu aliiambia mahakama. Mtaani kwao mtoto wa jirani haibi, huchukua.

Jaji, mgeni asiyejua Kiswahili, alimgeukia mkalimani Mwanahawa na kuuliza kwa Kiingereza: kijana aliiba, au alinyang'anya kwa nguvu? Zamani akiwa mwalimu, Mwanahawa aliwasahihishia wanafunzi vitenzi hivyo viwili huku akicheka. Leo kimoja kilikuwa kifungo, cha pili kitanzi.

"Bibi," alisema, "alikushika? Tafadhali, eleza ilivyokuwa."

Bi Mwatatu alimtazama mshtakiwa, kijana wa jirani ambaye yeye mwenyewe alimpokea kwa mikono yake siku alipozaliwa.

"Mwanangu," alimjibu Mwanahawa, "nimeshasema. Alichukua."

Akainama kukohoa. Mtandio ulimteleza, na Mwanahawa akaona shingoni alama nyeusi za vidole. Bibi akajifunika upesi. Jaji alikuwa akiandika, hakuona kitu.

"Mkalimani?" jaji aliita. "Nasubiri."

Mwanahawa alifungua kinywa. Mbele yake Bi Mwatatu alikuwa ameubana mtandio kooni kwa mikono yote miwili, akimtikisia kichwa taratibu kumkataza.