Mikono Chini ya Meza

Daktari wa upasuaji aliweka mezani vali ya chuma, ndogo kama kifungo cha koti.

"Mzee, vali ya moyo wako, yaani kile kilango cha damu, inavuja. Naweza kuishona hiyohiyo, ila huenda siku moja ikavuja tena, nikupasue upya. Au nikuwekee hii. Hii haichoki, lakini utameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yako yote. Ukijikata, damu haikatiki upesi."

"Niwekee mpya," akasema mzee, seremala, mikono yake chini ya meza. Miaka yote amewaambia wateja kuwa mlango wa viraka ni aibu ya nyumba.

"Unafanya kazi gani?"

"Biashara ya milango."

Mkewe, aliyeketi kando yake, akamgeukia. Kidole gumba cha mumewe, alichokifunga kitambaa asubuhi, kilikuwa bado kinatoa damu, na mke alijua mumewe hatauacha msumeno mpaka kaburini.

"Baba watoto, mwonyeshe daktari mikono."

Akaitoa polepole, akailaza kando ya vali: makovu juu ya makovu, ukucha mmoja haupo, kitambaa chekundu.

Daktari akakitazama kitambaa, kisha akaitazama vali.

Seremala akaisukuma vali kwa kidole kizima.

"Haya, shona. Ila wateja wangu wasisikie."