Alama za Penseli

Nadhira, mwalimu mkuu wa shule moja huko Lunga Lunga, alikuwa akisoma kitabu cha uongozi alichokitoa kwenye kabati la walimu. Katika sura ya kiongozi asiyesikiliza mtu, palikuwa na maneno ya penseli pembeni: “Mkuu wetu huyu.” Neno “huyu” lilipigiwa mistari miwili.

 Akaifunua sura ya kiongozi mwema, akitarajia kuona jina la naibu wake. Palikuwa pameandikwa: “Mama mpishi.”

Akaenda jikoni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwalimu. Uji bado haujaiva.”

“Sikufuata uji,” akasema Nadhira, akivuta kigoda. “Nimekuja kukusikiliza.”

Mama akamkabidhi mwiko.

“Basi koroga, mwanangu. Maneno yenyewe ni mengi.”