Niitikie, Shoga

Greda la jiji lilikuwa halina dereva. Kila asubuhi lilishuka bondeni likipiga hodi mlango kwa mlango, na nyumba isiyoitika ilivunjwa palepale, eti haina mwenyewe.

Bi Zamoyoni na jirani yake Stumai walitenganishwa na bati tu. Stumai alipopelekwa hospitali aliagiza, "Shoga, uniitikie, kama nilivyokuitikia ulipokwenda kuzika kwenu. Ila usinikoholee kizee!"

"Kwani wewe mwali?" Wakacheka.

Tangu hapo Zamoyoni akaitika hodi mbili, ya kwake kwa sauti yake, ya Stumai kwa sauti nyembamba ya madeko.

Sasa Stumai amekufa. Waliahidiana kwamba atakayetangulia ataoshwa na mwenzake, lakini wamemwosha wengine huko hospitali. Wajukuu zake Stumai wote wako mazikoni, na wakirudi wakute nyumba imevunjwa, watalala wapi?

"Hodi kwa Stumai!"

"Karibuu," akaitika Zamoyoni kwa yale madeko, machozi yakimtiririka.

Greda likasogea mlangoni kwake, linanguruma. "Hodi kwa Zamoyoni!"

Akanyamaza, ametega sikio kwenye bati, akisubiri shoga yake amwitikie.